Uwanja wa besiboli Taoyuan: hela yako haipotei, na wa kushukuriwa ni mzee Hong I-chung

Niseme mapema kabisa, kama uko Taiwan kwa masomo, kwa biashara au hata unasubiri ndege ya kesho na jioni yako iko wazi, kata tiketi uende uwanja wa besiboli wa Taoyuan, nyumbani kwa timu ya Rakuten Monkeys. Mimi nimeupa nyota nne na nusu kati ya tano, na ile nusu niliyoikata nitaielezea huko chini maana ina sababu zake.

Kitu kinachonikera ni kusikia watu wametoka pale wanasifia spika na wale wadada wanaocheza muziki, basi wameishia hapo. Jamani. Muziki upo na ni mzuri kwelikweli, lakini timu inayopigwa kila siku hakuna muziki utakaoiokoa, watu watakuja wiki mbili tatu halafu wanarudi zao nyumbani kuangalia tivii. Uwanja ule ulizoeleka kwa watu kwa sababu kuna mzee mmoja alikaa kwenye benchi la timu ile miaka na miaka akaifundisha kushinda, anaitwa Hong I-chung, na ingawa siku hizi hayupo tena pale, mkono wake bado unauona kwenye hicho unacholipia. Kwahiyo humu nachanganya, huduma ya uwanja na historia ya huyo mzee, kwangu mimi ni kitu kimoja.

Kufika ni rahisi mno. Uwanja uko Zhongli, upande wa Qingpu, na treni ya uwanja wa ndege inapita palepale, unashuka kituo cha A19. Angalizo moja tu, kuna treni za zambarau zinazokimbia na kuna za bluu zinazosimama kila kituo, wewe panda ya bluu maana ya zambarau haisimami pale. Ukitoka kituoni unatembea kidogo tu, tena siku ya mechi huhitaji hata ramani, fuata watu wenye jezi nyekundu iliyoiva. Kama unatoka Taipei kwa treni ya mwendokasi unashuka Taoyuan ambayo ni A18, halafu unasogea kituo kimoja.

Kwa asiyeujua mchezo kabisa: timu moja inapiga, nyingine inarusha na kudaka, wapigaji watatu wakitolewa mnabadilishana, na hiyo inarudiwa mara 9, kila mzunguko unaitwa iningi. Kanuni zingine utazielewa hukohuko mbele ya safari, na ukikaa jirani na familia yenye watoto ndo kabisa, wale watoto wanajua kila kitu na wanapenda kumuelekeza mgeni hata kwa vidole.

Sasa raha yenyewe. Pale Taoyuan timu ya nyumbani ikianza zamu ya kupiga uwanja mzima unasimama, yaani mzima, kwa sababu waliamua zamani kwamba kwao hakuna kugawana uwanja nusu kwa nusu na wageni kama ilivyokuwa desturi ya Taiwan, uwanja wote ni wa mwenyeji na wageni wanajibana kwenye kipande chao. Kila mpigaji ana wimbo wake na miondoko yake ya mikono, DJ anaachia biti, wale wadada wanaongoza, na kuanzia bibi wa miaka sabini mpaka mtoto wa chekechea wanafanya ishara zilezile kwa wakati mmoja. Zamani ushangiliaji wa kule ulikuwa wa ngoma na tarumbeta, hawa ndo wakaleta spika na muziki wa kisasa kwa mtindo wa Korea, enzi hizo timu ikiitwa Lamigo Monkeys, na timu zingine zote zikafuata mkumbo. Halafu zamu ikigeuka, wageni wakianza kupiga, makelele yanashuka, watu wanakaa wanakula.

Ni hapo kwenye utulivu ndipo mimi nawaambieni muangalie vizuri. Mtazameni yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, kavaa barakoa ya chuma na kinga ya kifua, yule mdakaji. Wenzake wote wanane wanaangalia upande wake, yeye peke yake ndo anauona uwanja wote mbele yake. Kabla ya kila mpira anachungulia benchini, anarudi, anaficha mkono katikati ya mapaja anatoa ishara za vidole kumwambia mrushaji arushe mpira gani na wapi, mrushaji akitikisa kichwa anatoa ishara nyingine. Mchana kutwa kazi ni hiyo, kufikiri kwa niaba ya wengine huku magoti yanauma. Hong I-chung alikuwa mtu wa nafasi hiyo, na ukilijua hilo maisha yake yote ya ukocha yanaeleweka.

Huyu mzee amezaliwa 1961. Ligi ya kulipwa ya Taiwan, CPBL, ilicheza mechi yake ya kwanza tarehe 17 Machi 1990 ikiwa na timu nne tu, na yeye alikuwa kwenye mojawapo, Brother Elephants, timu iliyozaliwa na hoteli ya Brother ya pale Taipei ambayo mwenye nayo, Hung Teng-sheng, ndo alihangaika mpaka ligi ikapatikana. Elephants walikuwa wanapendwa vibaya mno. Wakabeba ubingwa 1992, 1993 na 1994, mitatu mfululizo, na Hong alikuwemo kwenye kikosi hicho. Hiyo mitatu iwekeni akilini, tutairudia.

Ila ligi ile ilipita kwenye moto. Wacheza kamari na majambazi waliingia mpaka kwenye vyumba vya wachezaji. Mwaka 1996 majambazi waliwateka wachezaji kadhaa wa Elephants pale Taichung wakiwatisha kwa silaha kwa sababu ya hela za kamari, na Hong alikuwa mmoja wa waliotekwa. Mwaka uliofuata ikalipuka kashfa kubwa ya kupanga matokeo iliyoiua timu nzima ya China Times Eagles, mashabiki wakasusa, na mwaka huohuo ikaanzishwa ligi pinzani kabisa, nchi yenye watu milioni ishirini na kitu ikawa na ligi mbili zinazogombania mashabiki walewale waliokata tamaa. Zikaja kuungana 2003. Mimi nikiona watu wanalalamika tiketi imepanda bei huwa nawakumbuka wale waliobaki kwenye mchezo miaka ile, maana kuondoka kulikuwa rahisi sana na hakuna ambaye angewalaumu.

Ligi zilipoungana, timu mojawapo iliyotoka upande wa pili ilinunuliwa na kampuni ya viatu ya La New, ikaitwa La New Bears, makao Kaohsiung huko kusini. 2004 Hong akapewa timu. Kwa kweli ilikuwa timu dhaifu, na 2005 kashfa nyingine ya kupanga matokeo ikawagusa wachezaji wa timu yenyewe. Mwenye haraka angekimbia. Yeye mwaka 2006 akapata kifaa, Chen Chin-feng, yule Mtaiwani wa kwanza kucheza ligi kuu ya Marekani, aliyeanza na Los Angeles Dodgers 2002, akarudi nyumbani na jezi yake namba 52. La New wakabeba ubingwa mwaka huohuo kwa kuwafagia Uni-Lions mechi 4 kwa 0, halafu wakaenda Tokyo kwenye mashindano ya mabingwa wa Asia wakafika fainali, wakafungwa 1 kwa 0 tu na Nippon-Ham ya Japani. Timu iliyokuwa inachekwa miaka miwili nyuma!

Hapa niwe mkweli, mzee hakuwa malaika wa ushindi kila mahali. 2008 alipewa timu ya taifa kwenye Olimpiki ya Beijing, wakafungwa na China 8 kwa 7 kwenye iningi ya 12, na kwa Mtaiwani kufungwa na China kwenye besiboli, mchezo ambao wao ndo wanauita wa taifa na picha yake iko mpaka kwenye noti ya dola 500, hilo ni jeraha ambalo mpaka leo ukilitaja mezani watu wanaacha kula. Alisemwa sana. Kwenye klabu nako kuna kipindi aliwekwa pembeni, timu akapewa mwingine, akaja kurudishwa 2011.

Na 2011 ndo mwaka ambao kila kitu kilibadilika. Timu ilihama kutoka Kaohsiung ikaja kaskazini, kwenye uwanja huuhuu wa Taoyuan ambao ulikuwa bado mpya, watu kama elfu 20 wanakaa, jina likabadilishwa ikawa Lamigo Monkeys. Mtaa wenyewe wakati ule ulikuwa mashamba na majengo yanayojengwa, hata hiyo treni ninayowasifia ilianza 2017. Fikirieni kuanza upya, mji mgeni, jina geni, hakuna shabiki wa kurithi. Uongozi ukashughulika na burudani, mzee akashughulika na uwanjani. 2012 bingwa. Mwaka huo wakaenda Busan kwenye mashindano ya Asia wakawafunga Samsung Lions wa Korea 3 kwa 0, tena nchini kwao, wakafika fainali wakatolewa na Yomiuri Giants. 2014 bingwa tena. 2015 bingwa tena, na ile ya 2015 lazima niisimulie.

Fainali ya Taiwan inachezwa mechi saba, mwenye nne ndo bingwa. Lamigo walikuwa nyuma 3 kwa 1 dhidi ya CTBC Brothers, ambao ndo haohao Elephants wa zamani baada ya kuuzwa kwa benki, yaani mzee alikuwa anapambana na nyumbani kwao. Wakasawazisha ikawa 3 kwa 3. Mechi ya saba akampa mpira Mmarekani mmoja, Pat Misch, mrushaji asiyerusha kwa kasi ya kutisha ila mwenye kulenga, na Misch akarusha iningi zote 9 bila kupigwa hata hiti moja, yaani pigo la kumfikisha mpigaji salama kituo cha kwanza au zaidi, matokeo 11 kwa 0. Fainali za Taiwan hazikuwahi kuona kitu hicho kabla. Mimi kila nikifikiria naona pale akili ya mdakaji, kujua usiku wa leo ni wa nani na ukishamuamini unamuacha amalize kazi yake.

Halafu kuna hili la vijana ambalo kwangu ndo kubwa kuliko vikombe. Mwisho wa 2015 nahodha wao Lin Chih-sheng, mpiga homu rani (pigo linaloutoa mpira nje ya uwanja) mkubwa kabisa wa nchi, aliondoka akaenda kwa haohao Brothers. 2016 Chen Chin-feng akastaafu, wakamuagia palepale Taoyuan. Timu nyingine ingelia. Mzee akawaachia nafasi vijana, mmojawapo Wang Po-jung, ambaye kwenye msimu wake wa kwanza kamili 2016 akapiga wastani wa .414, yaani hiti kama 41 kwa kila mara 100 za kupiga, na hiti 200, na 2017 akarudia .407 pamoja na homu rani 31. Kwa msiojua, kwenye besiboli mpigaji wa .300 tayari ni mtu wa kuheshimiwa, .400 miaka miwili mfululizo ni maajabu, mwishowe Nippon-Ham wakaja kumchukua. Na timu haikuanguka: bingwa 2017, bingwa 2018, na hata yeye alivyoondoka, bingwa 2019.

Mitatu mfululizo. Kijana wa Elephants wa 1992 hadi 1994 karudia akiwa kocha, na 2017 na 2019 aliowafunga fainali ni Brothers. Ubingwa wake kama kocha ulifika saba, na hakuna kocha aliyekuwa ameshinda mechi nyingi kuliko yeye kwenye historia ya ligi hiyo.

Baada ya hapo kampuni ya Rakuten ya Japani ikainunua timu, mzee akaondoka kwenda Fubon Guardians, na kule kombe hakulipata, hilo nalo niliseme. Msimu wake wa kwanza huko ndo ule wa 2020 ambao dunia nzima ilikuwa imefungwa na korona na Taiwan wakawa wa kwanza kuanza ligi ya kulipwa ya besiboli, Aprili, viti vitupu, pale Taoyuan wakapanga maroboti na sanamu zenye jezi jukwaani ili wachezaji wasijisikie wapweke. Mechi zilikuwa zinarushwa bure mtandaoni kwa Kiingereza na watu wa mabara mengine wakazijua timu hizi kwa mara ya kwanza.

Aliyeachiwa Monkeys ni Tseng Hao-chu, mchezaji wake wa zamani na msaidizi wake. Na huyu Tseng ndo aliyekuwa kocha wa timu ya taifa Novemba 2024 pale Tokyo Dome walipowafunga Japani 4 kwa 0 kwenye fainali ya Premier12, mashindano ya mataifa 12 bora ya besiboli, ile siku Chen Chieh-hsien alipopiga homu rani ya pointi tatu na Taiwan ikachukua kombe kubwa la dunia la wakubwa ambalo haikuwahi kulishika. Hong mwenyewe alikuwa ameongoza timu hiyohiyo kwenye Premier12 ya 2019, wakawachapa Korea 7 kwa 0 ila kufika mbali hawakufika. Kwahiyo alichokishindwa yeye kimekuja kukamilishwa na mwanafunzi wake. Mimi hilo nalihesabu kwake pia, na atakayebisha tubishane.

Turudi uwanjani maana hii ni tathmini ya huduma. Chakula nakipa alama nzuri. Kuku wa kukaanga vipande vidogo wenye pilipili manga na majani ya rehani yaliyokaangwa pamoja, soseji za mkaa, boksi za wali na nyama, chai ya maziwa yenye zile gololi za muhogo, na bia ipo kwa wanaokunywa. Kwa Waislamu nguruwe ni mwingi mno kule na hakijaandikwa kila mahali, uliza kabla, au beba chakula chako ule kabla ya kuingia. Usafi ndo ulinishangaza, mechi ikiisha watu wanabeba takataka zao wenyewe na kuzigawa, chupa huku, karatasi kule, mabaki ya chakula ndoo yake, na ukitupa ovyo hakuna atakayekufokea ila utajisikia vibaya mwenyewe. Vyoo visafi mwanzo mpaka mwisho.

Tiketi ni dola mia kadhaa za Taiwan kutegemea na kiti na siku, unakata kwenye mtandao wa timu. Wikiendi na siku zenye sherehe maalum, zile za muziki baada ya mechi, zinaisha mapema.

Nusu nyota niliyoikata ni ya mambo matatu. Spika zina sauti kubwa mno ukikaa jirani nazo, mwenye mtoto mchanga akae mbali au amletee zile kinga za masikio. La pili ni kwamba uwanja hauna paa kama ile Taipei Dome mpya, na Taoyuan ina upepo na mvua za mwezi wa tano na wa sita, mechi inaweza kusimamishwa umekaa na koti la nailoni linatiririka. Na la tatu foleni, kuna kibanda kimoja nilipanga nikiwa na njaa zangu, mhudumu mmoja anapokea oda, anakaanga na anapokea hela, nikakosa iningi mbili nzima, moja ikiwa na homu rani ambayo niliisikia tu kwa makelele ya watu. Nunueni kabla mechi haijaanza.

Kuhusu kiti, wengi watawashauri mkae mbele ya jukwaa la wacheza muziki. Kwa mara ya kwanza sawa. Ila ukitaka kuuelewa mchezo omba viti vya juu nyuma ya mdakaji, pale unaona ishara, unaona kocha akitoka benchini taratibu kwenda kumpokonya mrushaji mpira, unaona kabisa nani anafikiri nini.

Mechi za katikati ya wiki zinaanza saa 12:35 jioni na wikiendi saa 11:05, msimu unaanza mwisho wa Machi mpaka Oktoba, na mechi moja inakula masaa matatu na ushee, kwahiyo mwenye ndege usiku huohuo asijaribu, aende mwenye ndege ya kesho. Jumanne na Jumatano ndo siku nzuri kwa mgeni, viti vipo, treni ya kurudi haina vurugu, na Brothers wakija Taoyuan kateni mapema kabisa maana mashabiki wao wa njano wanakuja wengi na wao wana kumbukumbu ndefu.